UZI: Carlisle 1912. Mechi 14, pointi 504, na kanuni mpya zilizowafungulia njia

MzeeWaYadi
Wakuu, kila timu hii ya mpira wa Kimarekani inapotajwa mjadala unaishia kwa mchezaji wake nyota, Jim Thorpe, na medali zake za Olimpiki ya Stockholm 1912. Thorpe anastahili sifa zote anazopewa. Lakini msimu wa 1912 wa Carlisle hauelezeki kwa mtu mmoja. Mwaka huohuo kanuni za mpira wa vyuo Marekani zilibadilishwa, na kocha wa Carlisle, Glenn Warner, aliyejulikana kwa jina la Pop, alikuwa na mfumo uliokaa vizuri na kanuni hizo kuliko wa mtu mwingine yeyote. Hilo ndilo ninalotaka tulijadili.

Nianze na kanuni, kwa sababu usipozijua matokeo hayatakuingia.

Hadi 1911 timu ilikuwa na majaribio 3 ya kusogeza mpira yadi 10. Mwaka 1912 yakawa 4. Piga hesabu: kwa majaribio 3 unahitaji wastani wa yadi 3 na theluthi kila mara, kwa 4 unahitaji yadi 2 na nusu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyofanya kukimbia katikati ya mstari kulipe. Kabla ya hapo, jaribio la kwanza likikwama timu nyingi ziliona heri kubutua mpira mbali na kumwachia mpinzani aanze upya.

Tachidauni, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli la mpinzani, ilipanda kutoka pointi 5 hadi 6. Teke la nyongeza baada yake likabaki pointi 1. Goli la teke kutoka uwanjani lilibaki 3, kama lilivyoshushwa kutoka 4 mwaka 1909.

Uwanja ulifupishwa kutoka yadi 110 hadi 100 (yadi moja ni kama sentimita 91), na nyuma ya kila mstari wa goli likaongezwa eneo la yadi 10. Eneo hilo ni jambo kubwa, maana kuanzia hapo pasi ikidakwa ndani yake ni tachidauni halali. Zamani pasi ikivuka mstari wa goli ilihesabika imekufa na mpira ukaenda kwa mpinzani. Tena kikomo cha yadi 20 kwa urefu wa pasi ya mbele kikafutwa.

Kwa majina: mstari wa mbele una watu 7. Senta yupo kati, gadi mmoja kila upande wake, anayefuata nitamwita nguzo, na wa mwisho kabisa nitamwita ncha. Nyuma yao wako 4: kwotabeki, fulubeki na hafubeki wawili.

Kandanda_Asili
Mkuu, kabla hujaenda mbali. Carlisle ilikuwa chuo kweli? Nilidhani ni shule ya ufundi.

Nyaraka_Kavu
Uko sahihi, na hili tusilipite haraka. Carlisle Indian Industrial School ilifunguliwa 1879 huko Pennsylvania, ndani ya kambi ya zamani ya jeshi, na mwanzilishi wake alikuwa afisa wa jeshi, Richard Henry Pratt. Serikali ya Marekani iliwakusanya pale watoto wa makabila ya asili ya nchi ile, wengi wakiwa mbali sana na kwao. Walikatwa nywele, wakavalishwa sare, wakakatazwa kusema lugha zao. Nusu ya siku ilikuwa ya darasani na nusu ya kazi za mikono. Shule ilifungwa 1918. Makaburi ya watoto waliofia pale bado yapo, na tangu 2017 jeshi la Marekani limekuwa likiyarudisha mabaki ya baadhi yao kwa jamaa zao.

Kwa hiyo haikuwa chuo kikuu. Lakini timu yake ya mpira ilicheza na vyuo vikuu na kuvifunga. Thorpe alikuwa wa kabila la Sac and Fox, kutoka eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma. Aliyekuwa akiita mipango uwanjani ni kwotabeki Gus Welch. Wengine wa kuwakumbuka ni hafubeki Alex Arcasa, fulubeki Possum Powell, na Joe Guyon na Pete Calac waliosimama nguzo.

DadaTakwimu
Naweka ratiba yote hapa ili tubishane tukiwa na namba mkononi. Pointi za Carlisle zinatangulia.

Septemba 21 Albright 50-7. Septemba 25 Lebanon Valley 45-0. Septemba 28 Dickinson 34-0. Oktoba 2 Villanova 65-0. Oktoba 5 Washington and Jefferson 0-0. Oktoba 12 Syracuse 33-0. Oktoba 19 Pittsburgh 45-8. Oktoba 26 Georgetown 34-20. Oktoba 28 Toronto 49-1. Novemba 2 Lehigh 34-14. Novemba 9 Army 27-6. Novemba 16 Pennsylvania 26-34. Novemba 23 Springfield 30-24. Novemba 28 Brown 32-0.

Ushindi 12, sare 1, kipigo 1. Jumla 504 kwa 114.

Sasa angalieni tarehe. Mechi 5 za kwanza zimechezwa ndani ya siku 15. Sare ya 0-0 imekuja Jumamosi, siku tatu tu baada ya mechi ya Villanova. Halafu kuna Georgetown mjini Washington Jumamosi na Toronto, Kanada, Jumatatu inayofuata! Katikati hapo ni safari ya treni.

Mechi 7 za mwisho, kuanzia Georgetown hadi Brown, zote ni za ugenini na zimechezwa ndani ya siku 34. Katika 7 za kwanza Carlisle waliruhusu pointi 15 tu. Katika 7 za mwisho wameruhusu 99. Ufungaji wao haukuporomoka kiasi hicho: 272 za kwanza, 232 za mwisho. Kilichochoka ni ulinzi.

Kandanda_Asili
Hiyo 49-1 ya Toronto ni kosa la uchapaji? Pointi 1 peke yake unaipataje?

DadaTakwimu
Si kosa, kaka. Mechi ile ilichanganya kanuni za Marekani na za Kanada. Kwa Marekani, pointi 1 huja tu nyuma ya tachidauni, hivyo huwezi kubaki na 1 peke yake. Kwa Kanada, ukipiga mpira ukaingia eneo la goli na mpinzani akashindwa kuutoa, unapata pointi 1 papo hapo.

ChakiNaUbao
Nachukua upande wa mfumo. Watu wengi huandika tu kwamba Warner alibuni "winga mmoja" halafu wanaishia hapo. Ngoja niuchore kwa maneno.

Mstari wa mbele hauko sawa pande zote. Upande mmoja wa senta wanasimama watu 4, mwingine 2. Upande wa wengi ndio upande wa nguvu. Hafubeki mkuu, nafasi ya Thorpe, anasimama yadi 4 hadi 5 nyuma ya senta. Fulubeki yuko kando yake, hatua moja mbele. Kwotabeki hakai nyuma ya senta kupokea mpira kama tunavyoona leo. Anasogea karibu na mstari, nyuma ya gadi au nguzo wa upande wa nguvu, na kazi yake kubwa ni kufungua njia kwa mwili wake. Hafubeki wa pili anatoka nje kabisa ya ncha, yadi moja nyuma ya mstari. Huyo ndiye winga, na jina la mfumo linatokana naye.

Senta anautupa mpira hewani kupitia katikati ya miguu yake moja kwa moja hadi kwa hafubeki au fulubeki. Mtu mmoja anaupokea akiwa tayari kukimbia, kupasia au kubutua, na ulinzi hauna namna ya kujua mapema ni lipi.

Shambulio mama la mfumo huu linapita pembeni ya nguzo wa mpinzani. Winga na ncha wanamvaa nguzo huyo wawili kwa mmoja, wanamsukuma ndani. Kwotabeki anakwenda kumtoa nje ncha wa mpinzani. Hapo pengo limezaliwa. Gadi wa upande dhaifu anachomoka kwenye nafasi yake, anakimbia nyuma ya mstari sambamba nao, anaingia kwenye pengo kabla ya mwenye mpira ili akutane na mlinzi wa pili. Hafubeki akishapokea anapiga hatua mbili za pembeni, kisha anakata kwenda mbele. Akikata mapema anamgonga gadi wake mgongoni, akichelewa pengo linafungwa.

Yanayoharibika ni yaleyale kila mara. Kwanza ni utupaji wa senta. Ukienda juu, hafubeki ananyoosha mikono na kupoteza mwendo, ukienda chini anainama na mpira unamdondoka. Pili ni hatua ya kwanza ya gadi. Lazima arudi nyuma kidogo kwa mguu wa upande anaokwenda. Akienda sambamba moja kwa moja anagongana na kwotabeki na shambulio linafia palepale. Tatu, winga akimwahi nguzo peke yake kabla ya ncha kumshika, nguzo anamzunguka na kumkaba hafubeki nyuma ya mstari.

Sasa unganisheni na kanuni alizoziweka mleta mada. Tangu 1910 ilikatazwa kumsukuma au kumvuta mwenye mpira, na ilikatazwa wachezaji kushikana mikono kutengeneza kabari ya watu. Mpira wa kubebana kwa uzito ulikufa. Timu yenye watu wepesi waliojua pembe za kuzuia ndiyo iliyofaidika, na Carlisle mara nyingi walikuwa wepesi kuliko wapinzani wao.

MzeeWaYadi
Umeeleza vizuri sana, mkuu. Niongeze moja kwenye kanuni za 1910: mchezaji akitolewa hakuruhusiwa kurudi hadi robo nyingine ianze. Robo ilikuwa dakika 15, mechi dakika 60, na watu walewale 11 walishambulia na kulinda. Ndiyo sababu namba za Dada hapo juu zinaonyesha ulinzi ukilegea Novemba. Shambulio lina mpango na unajua unakokwenda, kwa hiyo mtu aliyechoka bado anaweza kulibeba. Kukaba kunahitaji kuitikia jambo usilolijua, na mguu mzito hauitikii.

Kandanda_Asili
Naomba mtu aelezee mpira wenyewe. Picha za zamani unaonekana mnene mno. Walipasia vipi kitu kama kile?

ChakiNaUbao
Ulikuwa mnene kweli. Kipimo cha kuuzunguka kwa urefu kilikuwa inchi 28 hadi 28 na nusu, na kuuzunguka kiunoni inchi 22 na nusu hadi 23. Uzito aunsi 14 hadi 15, karibu gramu 400 hadi 425. Ndani kuna kibofu cha mpira chenye mrija mrefu. Unakijaza upepo, unaukunja mrija na kuufunga kwa uzi, unausukumia chini ya ngozi, kisha unashona mdomo kwa kamba ya ngozi. Ule mrija uliokunjwa huacha kinundu chini ya kamba, na kinundu hicho ndicho adui wa mpigaji.

Kwa teke la kudondosha, lililokuwa silaha ya Thorpe pamoja na teke la mpira uliosimamishwa, mpira unaushika kwa mikono miwili ukiwa wima, upande wa kamba ukiangalia goli ili mguu ukutane na ngozi laini. Unauachia uanguke bila kuuzungusha, ncha ya juu ikiegemea kwako kidogo, na unaupiga pale tu unapoanza kuinuka kutoka ardhini. Ukiurusha badala ya kuuachia unajipinda. Na uwanja ukiwa na tope hauinuki kabisa, ndipo wanapoita mshikaji na kuusimamisha.

Kwa pasi, mkono mkubwa uliweza kushika karibu na ncha ya nyuma, vidole juu ya kamba, na kuuzungusha kama wa leo. Wenye mikono midogo waliulaza kiganjani na kuutupa kwa mkono ulionyooka, nao ulielea. Mpitishaji alipaswa awe angalau yadi 5 nyuma ya mstari, jambo lililomfaa sana hafubeki wa winga mmoja maana tayari amesimama huko. Na pasi isiyodakwa ndani ya eneo la goli ilimpa mpinzani mpira. Kwa hiyo ukiwa yadi 5 kutoka goli, kupasia ilikuwa hatari kuliko kukimbia.

Nyaraka_Kavu
Kuna kitu kinasahaulika kwenye pointi 1 ya nyongeza. Teke lilipigwa kutoka usawa wa mahali mpira ulipovuka mstari. Ukifunga kwenye kona unapata pembe mbaya. Tiba yake ilikuwa kwamba mchezaji wa timu iliyofunga aubutue mpira kutoka mstari wa goli kuja uwanjani, mwenzake audake mbele ya nguzo za goli, na teke lipigwe kutoka hapo alipodaka. Asipoudaka, nafasi imepotea. Ukiona matokeo ya zama zile yenye tachidauni nyingi na pointi 1 chache, usikimbilie kumlaumu mpigaji.

MzeeWaYadi
Sasa Novemba 9, West Point. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Army ni timu ya chuo cha maafisa wa jeshi la Marekani kilichopo West Point. Wounded Knee, ambako jeshi hilo liliwaua Walakota, moja ya makabila ya asili, ilikuwa Desemba 1890. Ni miaka 22 kasoro wiki chache. Hakuna kijana wa Carlisle aliyehitaji kuelezwa anacheza na nani.

Army walitangulia kufunga, 6-0, wakakosa teke. Joe Bergie wa Carlisle akasawazisha, teke likaingia, mapumziko 7-6. Kipindi cha pili Army hawakupata kitu. Mwisho 27-6.

Piga hesabu: 27 ni tachidauni 4 na mateke 3. Moja ya Bergie, tatu za Arcasa. Thorpe hakufunga hata moja! Alibeba mpira, alikusanya walinzi, alifanya kila mtu wa Army aelekee kwake, na mwenzake akapita upande mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya mfumo. Nahodha wa Army, Leland Devore, alitolewa nje kwa kumpiga Guyon, aliyekuwa akisimama mbele yake.

DadaTakwimu
Linganisheni na Harvard 1911, Carlisle 18-15. Siku ile Thorpe alipiga magoli ya teke 4, pointi 12 kati ya 18. Mwaka mmoja baadaye timu inaifunga Army bila tachidauni yake hata moja. Timu imekua.

Kandanda_Asili
Na kweli Eisenhower alicheza siku ile?

Nyaraka_Kavu
Ndiyo. Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa rais wa 34 wa Marekani, alikuwa kwenye timu ya Army. Mara nyingi inaandikwa kwamba Thorpe ndiye aliyemmaliza goti. Goti aliumia wiki iliyofuata, katika mechi na Tufts.

Kandanda_Asili
Basi nani anaeleza kipigo cha Pennsylvania? Unaifunga Army 27-6, siku 7 baadaye unaruhusu 34.

MzeeWaYadi
Kaka, jibu limo kwenye ratiba. Ilikuwa mechi ya tano ndani ya siku 22, zote safarini, na mwili uliotoka West Point ulikuwa umetumika. Tena si kwamba shambulio lilikufa, maana pointi 26 ugenini Franklin Field, uwanja wa Pennsylvania, ni nyingi. Wiki iliyofuata Springfield nao wakapata 24. Ilipofika Brown, siku ya Shukrani (sikukuu ya Marekani), walijikusanya na kumaliza 32-0.

Na kwa nini ugenini kila wakati? Uwanja wa nyumbani ulikuwa mdogo, mji mdogo. Pesa za viingilio zilikuwa Philadelphia, New York na Boston. Timu ilipelekwa kwenye pesa, na miguu ya vijana ndiyo iliyolipa nauli.

Nyaraka_Kavu
Pesa hizo ndizo zilizozua mambo. Gus Welch, kwotabeki wetu huyohuyo, alianzisha ombi la wanafunzi lililosainiwa na zaidi ya 200, na mwanzoni mwa 1914 kamati ya bunge la Marekani ikafika Carlisle kuchunguza uendeshaji wa shule, matumizi ya mfuko wa michezo yakiwemo. Wanafunzi walitoa ushahidi dhidi ya mkuu wa shule na dhidi ya Warner mwenyewe. Warner aliondoka baada ya msimu wa 1914, akaenda Pittsburgh. Kwangu mimi, ujasiri wa Welch mbele ya kamati ile hauko chini ya chochote alichofanya West Point.

Kandanda_Asili
Medali za Thorpe zilichukuliwa kabla au baada ya msimu huu?

Nyaraka_Kavu
Baada. Msimu uliisha Novemba 28, habari ikatoka Januari 1913 kwamba aliwahi kulipwa kidogo kucheza besiboli North Carolina mwaka 1909 na 1910. Kanuni za Stockholm zilitaka pingamizi liwekwe ndani ya siku 30 baada ya michezo. Muda huo ulikuwa umepita kwa miezi, na bado walimnyang'anya. Thorpe alifariki 1953. Watoto wake walikabidhiwa medali Januari 1983, lakini kumbukumbu rasmi zikamwandika mshindi wa pamoja. Julai 2022 ndipo alipotambuliwa mshindi pekee wa mashindano yote mawili, pentathloni na dekathloni. Msweden aliyepewa dhahabu ya dekathloni, Hugo Wieslander, hakuwahi kuikubali kuwa yake.